Mwalimu Alipolia Ngong

Mwalimu alianza kulia kwenye kilima cha tatu cha vilima vya Ngong, nje kidogo ya Nairobi. Tulikuwa tumekaa duara kwenye nyasi, wanawake 16, kila mmoja amejikunyata ndani ya koti kwa ule upepo, na kwa kuwa kulia kulikuwa sehemu ya tulichokuja kufanya, hakuna aliyeshtuka. Kocha alisogea akamkumbatia. "Lia, mama. Yatoe yote." Mabega ya Mwalimu yalikuwa yakitetemeka. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa 14 wodini, na nilichokiona pale ni mwanamke anayelia.

Ilikuwa sukari yake imeshuka.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya wote wawili, na majina nimeyaacha. Kocha ni mwanariadha mstaafu wa mbio ndefu aliyewahi kuvaa sare ya taifa. Mwalimu ana miaka 53, anafundisha darasa la pili katika shule ya msingi huko Eastlands. Nilikaa naye kiti kimoja tangu Railways, tukingoja wawili waliokwama kwenye foleni ya Jogoo Road, akanieleza kwamba hii ndiyo mara yake ya kwanza kulala nje ya nyumba yake bila kuwa amekwenda msibani au kuuguza mtu. Pesa alizipata zamu yake ilipofika kwenye chama chao cha kuchangiana. "Mwaka huu sinunui sufuria," akasema, akacheka kama msichana.

Neno letu la safari hizi ni mafungo, na tumelichukua kanisani. Kocha alilitoa kwenye viti vya sala akalipa miguu: siku mbili za kutembea, kunyoosha viungo, kunyamaza, kisha kuzungumza. Na kwa sababu neno lenyewe limebeba kufunga, hakuna aliyeuliza programu iliposema kwamba Jumamosi asubuhi hatutakula. Maagizo yalikuja kwenye kikundi cha WhatsApp wiki moja kabla. Simu zote zitabaki kwenye kapu nyumbani tulikofikia. Wikendi nzima hakuna sukari ya aina yoyote, hata pipi ya mkobani. Jumamosi tutakunywa maji moto yenye tangawizi na limau, tupande, na mfungo tutaufungua kwa matunda kileleni, mita 2,460 juu ya usawa wa bahari.

Agizo moja moja halina ubaya. Nimesoma ujumbe ule mara nyingi tangu siku hiyo, na bado naona ni ujumbe wa mtu anayewatakia wenzake mema.

Ijumaa usiku, baada ya supu ya mboga, Kocha alitusimulia habari za Junko Tabei wa Japani. Mwaka 1969 alianzisha klabu ya wanawake wapanda milima, na mwaka 1975 kikosi cha wanawake 15 kutoka nchi yake kikaenda Everest. Poromoko la theluji likaangukia kambi usiku na kumfukia akiwa ndani ya hema. Siku 12 baadaye, Mei 16, akawa mwanamke wa kwanza duniani kusimama kwenye kilele kile. Kocha anajua kusimulia. Alipofika pale kwenye kilele, chumba kizima kilikuwa kimya, na Mwalimu alikuwa ameshika mikono yake kifuani. Akamalizia kwa maneno anayopenda, kwamba mwili una nguvu kuliko unavyodhani. Sote tukalala tukiwa wakubwa kidogo.

Asubuhi tuliamshwa saa 11:30. Saa 12 Mwalimu alimeza kidonge chake cha kisukari kama anavyomeza kila siku, akakishushia na yale maji ya tangawizi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kisa chote kimesimama juu ya kidonge hiki. Kilikuwa glibenclamide. Dawa hii huiamuru kongosho itoe insulini, inayoshusha sukari ya damu, na huiamuru hivyo uwe umekula au hujala. Mwenye kuimeza anatakiwa ale. Metformin, dawa nyingine ya kisukari ambayo watu wengi pia wanayo, haifanyi hivyo. Ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu sukari mpaka hatari. Kwa hiyo mtu akikuambia tu kwamba ana kisukari, bado hujajua unachohitaji kujua. Muulize anatumia dawa gani na ameila saa ngapi. Waislamu wengi wenye kisukari wanalijua jambo hili vizuri kutushinda sisi waandaaji wa mafungo: kabla ya Ramadhani huenda kwa daktari ili dozi na saa za dawa zibadilishwe, na wengine huambiwa wasifunge kabisa. Mwalimu alifunga bila dozi kubadilika, kisha akapanda mlima. Misuli inayopanda hula sukari kwa pupa.

Tuliingia langoni saa 1:30 pamoja na askari wawili wa misitu, tukapita mitambo ya upepo, tukashika njia ya mgongo wa vilima, Nairobi mkono wa kushoto na Bonde la Ufa mkono wa kuume. Vilima vya Ngong vimekaa kama vifundo vya ngumi. Ukimaliza kimoja unashuka, unakuta kingine kilikuwa kimejificha nyuma yake. Kocha alituongoza kwa mwendo mzuri sana, na hili lazima niliseme: aliwafundisha wanawake ambao hawajawahi kupanda hata ngazi za jengo la Kencom mjini bila kuhema kwamba mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Mafunzo hayo ni ya thamani, na sijawahi kuyasikia katika makundi ya matembezi yenye wanaume wengi, ambako mara zote nilikuwa mtu wa mwisho ninayengojwa kwa uso wa kuchoka.

Kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma ya wote. Kwenye kilima cha kwanza Mwalimu alinisimulia habari za mvulana wake mmoja darasani anayeandika herufi zote kinyume. Kwenye cha pili alinyamaza. Alijikwaa mara mbili mahali ambapo hapakuwa na jiwe. Nilipompa chupa ya maji akasema, "Niache," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikadhani anataka kuwa peke yake na mawazo yake. Watu huja kwenye mafungo kwa ajili hiyo.

Saa 3:40 tukakaa duara.

Nilipotaka kumfunika Mwalimu leso mabegani, mkono wangu ulipita nyuma ya kola yake. Shingo ilikuwa imelowa chepechepe, baridi kama ukuta wa bafu. Sisi wengine tulikuwa tumefunga zipu mpaka kidevuni. Papo hapo akainua uso, akatutazama wote kwa zamu, akasema kwa sauti yake ya darasani, "Kaeni chini. Bado sijaita majina."

Wawili watatu wakatabasamu huku wanalia. Kocha akasema kwa upole, "Anawakumbuka watoto wake."

"Mwalimu," nikamwambia, "leo ni siku gani?" Midomo yake ikacheza. Neno halikuja.

Nikapaza sauti: nani ana sukari? Soda, pipi, glukosi, chochote. Wanawake 16 wakafungua mikoba na hakuna aliyekuwa nayo, kwa sababu tuliambiwa tusiwe nayo na sisi ni watu wa kutii. Matunda yalikuwa kwenye begi la kijana aliyekuwa ametangulia kutupangia kileleni. Kimashine cha Mwalimu cha kupimia sukari kilikuwa kitandani kwake, kwenye pochi moja na chaja. Simu zilikuwa kwenye kapu.

Yule askari mzee alikuwa amekaa mbali kidogo, ametupa mgongo kwa heshima. Alisikia. Akaja na chupa yake ya chai, akafungua kifuniko, mvuke ukachukuliwa na upepo. "Hii yangu ina sukari nyingi sana, dada," akasema, kama anayeomba radhi. Nikahakikisha Mwalimu anaweza kumeza, maana asiyeweza kumeza haruhusiwi kutiwa kitu mdomoni. Huyo hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali. Akanywa kifuniko cha kwanza nikiwa nimemshikia. Nikatazama saa. Kanuni ni gramu 15 za sukari, kama vijiko vinne vya chai au nusu glasi ya soda ya kawaida, ungoje dakika 15, kisha urudie kama dalili zipo. Chai ya maziwa huchelewa kuliko soda kwa sababu ya mafuta yake, lakini ndiyo tuliyokuwa nayo. Na bila kipimo, ukishuku tu, mpe. Sukari ikizidi kwa saa moja haimdhuru sana. Ubongo ukikosa sukari unazimika.

Kifuniko cha pili alikishika mwenyewe. Akafuta uso kwa leso, akatutazama. "Mbona mmenizunguka?"

Kocha alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akasema jambo ambalo mtu yeyote asiye wa hospitali angelisema: "Ameshapata nguvu. Kilele si mbali. Tutaenda naye polepole, akale matunda." Wenzangu wakaanza kusimama, wakajipangusa nyasi.

Nilijua kwa nini haifai. Kidonge kilikuwa bado tumboni na kingeendelea kuisukuma kongosho mchana kutwa. Misuli nayo huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi baada ya matembezi. Kutoka pale, kurudi langoni kulikuwa karibu kuliko kwenda kutokea Kona Baridi, mwisho wa pili wa vilima. Yote hayo niliyajua, na bado ilinichukua muda kufungua mdomo, kwa kuwa niliyepaswa kumpinga alikuwa ni yule. Picha yake tuliibandika ukutani tukiwa sekondari. Hatimaye nikasema, "Kocha, mimi nashuka naye." Sauti ilinitetemeka. Akanikazia macho, kisha akachukua begi la Mwalimu, akalivaa juu ya lake, akageuka kuelekea langoni. Wote wakafuata.

Hospitalini Ngong kipimo kilisoma milimoli 3.4 kwa lita, baada ya chai ile na mkate alioula langoni. Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka. Wakamlaza, wakamwekea dripu. Saa 1 jioni ikashuka tena mpaka 2.8. Nawaomba wenye kuandaa safari waiangalie namba hii ya jioni. Kama tungempeleka nyumbani kwa kuwa alionekana mzima, saa hiyo angekuwa amejilaza, na watu wake wangesema mwacheni, safari imemchosha. Sukari iliyoshushwa na dawa za kundi la glibenclamide huweza kushuka tena ndani ya siku hiyo hiyo, na ndiyo maana hulazwa na kuangaliwa.

Sasa nitafute tulipopotea.

Nitaanza na bahasha, kwa kuwa ni yangu. Kila mshiriki alijaza fomu. Mwisho wa fomu palikuwa na mstari, "Kitu kingine ungependa tujue," na Mwalimu aliandika hapo kwa mwandiko wake wa ubaoni: *kisukari na presha, natumia dawa*. Bahasha ya kaki yenye fomu zote ilikuwa kwangu tangu Alhamisi. Nilisoma nne, nikaitwa zamu ya usiku, nikaitia kwenye begi. Ilipanda nami Ngong ikashuka nami. Nimewaomba radhi Mwalimu na mwanawe wa kwanza, ana kwa ana, na nayaandika hapa kwa kuwa najua bahasha kama ile ziko kwenye mabegi mengine wikendi hii.

Lakini bahasha haielezi kila kitu. Mwalimu anajua ugonjwa wake. Amekuwa nao miaka tisa, na huwa anaweka biskuti kwenye droo ya meza yake ya darasani. Kwa nini hakusema kitu? Nilimuuliza Jumapili asubuhi, akiwa bado na plasta mkononi. Alikaa kimya, kisha akajibu: "Mtu kama yule anakuamsha alfajiri, anakuambia mwili una nguvu kuliko unavyodhani. Sasa wewe uinue mkono useme mimi naomba mkate?"

Nilipompelekea Kocha maneno haya alilia, na safari hii nilijua ni kilio.

Tunawafuata wanawake waliofanikiwa kwa sababu tumekulia mahali ambapo aliyekwenda mbele yetu mara nyingi alikuwa mwanamume. Tukimpata wa kwetu tunampa masikio yote. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mafungo haya, nami siyaoni yakiongozwa na mtu asiye na mlima wake mwenyewe nyuma yake. Ila heshima ikizidi kiasi fulani, mwenye maumivu hujiona anamwangusha mgeni wa heshima. Anameza. Na Kocha hakuwa na njia ya kujua kwamba ananyamaziwa, maana kwake kimya chetu kilionekana kuwa utulivu.

Lipo na la machozi. Wodini, nikiambiwa mgonjwa wa kisukari analia, anatetemeka na amekuwa mkali, napima kabla ya kusikia mengine. Ubongo ulionyimwa sukari hufanya hivyo: hukasirika, huchanganyikiwa, hulia, huongea ya jana kama ya leo. Pale juu, chozi lilikuwa limeshapewa maana kabla halijadondoka. Sisemi duara livunjwe. Asubuhi ile ile, kabla ya Mwalimu, dada mmoja alitaja kwa mara ya kwanza mimba aliyoipoteza miaka sita nyuma, na nilimwona akishuka mlima akiwa amenyooka. Nataka tu mtu mmoja kwenye duara asiwe na kazi ya kulia wala kufariji, awe na kazi ya kuuliza: umekula nini leo, umemeza dawa gani, nionyeshe mikono yako.

Miezi mitatu baadaye tulifanya siku moja kwenye msitu wa Karura, Nairobi, tukaingia kwa lango la Limuru Road. Safari hiyo nilimpigia kila mshiriki simu, mmoja mmoja, kwa dakika kumi. Kwa simu watu husema wasichoandika: nikapata pumu mbili, goti moja lililopasuliwa, na mimba ya wiki kumi ambayo hata mama mkwe hakuwa ameijua. Tulikula kabla ya kutembea, uji, mayai na viazi vitamu. Glukosi ilikuwa kwenye mabegi mawili, na simu mbili zikabaki zimewashwa. Lakini kilichobadilisha siku ni Kocha mwenyewe. Alisimama mbele yetu pale langoni akasimulia marathoni aliyojitoa, kilomita ya 32, akakaa kando ya barabara kwenye nchi ya watu amefunikwa blanketi la mtu asiyemjua. Hajawahi kuisimulia. Alipomaliza akanionyesha kwa mkono: "Huyu anayetembea nyuma akisema tusimame, tunasimama. Hata mimi." Mikono minne ikainuka saa ile ile.

Kwenye maporomoko ya maji Mwalimu, ambaye siku hizi daktari wake amembadilishia dawa, aliombwa atusimulie habari za msitu. Akatuambia jinsi viwanja vya hapo vilivyokuwa vimegawiwa watu binafsi, na jinsi mwanamazingira Wangari Maathai alivyokuja na wenzake Januari 8, 1999 kupanda miti, wakavamiwa langoni, akapigwa na kujeruhiwa kichwani. Zaidi ya hekta 1,000 za msitu zimebaki kuwa msitu. "Na akaenda hospitali," Mwalimu akaongeza, kidole juu. "Mkiwasimulia watoto, na hilo mliseme. Yule Mjapani pia, kuna waliomchimbua."

Mwaka ujao wanataka Mlima Kenya, kilele cha Lenana, mita 4,985, kwa njia ya Sirimon. Nimesema wazi ninachotaka. Ukishapita mita 3,000, ushauri wa kitabibu ni kutopandisha mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Kutoka kambi ya Old Moses, mita 3,300, mpaka kambi ya Shipton's, karibu 4,200, ni mruko wa mita 900. Naomba usiku wa pili Old Moses. Naomba pia kwamba Shipton's duara lisikae kabla sijamwona kila mtu akitembea mstari mnyoofu, kisigino kwa kidole, kwa kuwa ubongo unaovimba kwa sababu ya mwinuko nao huleta kuyumba na kuchanganyikiwa, na usiku, kwenye baridi, ni rahisi sana kumkumbatia mtu aliyepaswa kushushwa.

Mstari Kocha ameukubali. Usiku wa ziada bado tunauzungumza, maana ni chakula, wapagazi na ada ya mbuga kwa watu 16, na wengine wanakopa ili waje. Mwalimu, ambaye yeye atapanda mpaka Old Moses tu, ndiye mweka hazina sasa. Amesema ataleta hesabu Jumamosi.